Jenerali Katika Banda la Sungura

Banda Na. 4 (Sungura),
Uwanja wa Maonyesho,
Kaunti ya Wapsey, Indiana.
Ijumaa, saa tano asubuhi.

Kwa Bw. Orrin Tesch,
Mwenyekiti wa Bodi ya Maonyesho ya Kaunti.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: MAKAZI YA CHATU WANGU, NA JINSI SUNGURA WANAVYOPENDELEWA

Nakusalimu kwa heshima zote kutoka banda namba nne, ambako mimi na Jenerali hatujambo, ila Jenerali ana njaa. Mimi ni Colby Krebs, miaka kumi na sita. Bila shaka unanikumbuka, maana ndiye niliyemrukia nguruwe wako mwaka juzi alipovamia hema la mashindano ya pai. Wanaume wazima walikuwa wanapiga mayowe tu. Sikupenda kulitaja, lakini limeshajitaja.

Kwanza nikueleze hali ilivyo, usije ukasema mtoto wa Krebs kaanza tena. Jenerali ni chatu wa ile aina fupi. Ana futi nne kasoro inchi tatu, na akiogopa hujikunja akawa mpira, kichwa kakificha katikati. Ni mpole kuliko paka wa mama yangu, na siku nyingine kuliko mama yangu mwenyewe. Shida ni moja: hajala tangu wiki ya pili ya mwezi wa nne. Kila wiki napasha moto panya aliyegandishwa, kila wiki anampa kisogo. Mama amekuwa akitia alama kwenye kalenda ya jikoni, na Jumapili iliyopita kanitolea hukumu nikiwa na kijiko mdomoni: "Colby, mimi sikai nyumbani kwangu namtazama kiumbe wa Mungu akifa njaa. Asipokula hadi Jumapili ijayo, anakwenda kwa yule bwana wa kaunti jirani mwenye chatu arobaini. Yule anaijua kazi yake."

Anaijua kazi yake! Kwa hiyo mimi siijui! Nikameza uji wa shayiri. Leo ni Ijumaa, Ndugu Mwenyekiti. Nimebakiwa na siku mbili na mnyama mmoja, na mnyama mwenyewe nampenda.

Sasa utasema, maonyesho yameanza Jumatatu na chatu hajala tangu mwezi wa nne, basi sisi Bodi tuna kosa gani? Hilo nimelifikiria sana nikiwa kwenye foleni ya soseji za kijiti. Chatu hasikii kama sisi, hupokea mitikisiko ya ardhi kwa taya. Kwa hiyo ni wazi kwamba Jenerali alihisi tangu masika kwamba anapelekwa kwenye banda la sungura. Mnyama anayeona mbali kiasi hicho anastahili kusikilizwa. Na kwa kuwa yeye hasemi, nasema mimi. Hebu sikiliza.

1. Kuhusu masikio. Kitabu chenu cha kanuni, ukurasa wa kumi na tisa, kinaruhusu "mnyama mdogo yeyote wa kufugwa, asiyezidi ratili kumi, aliyelelewa na kijana mwenyewe." Jenerali ana ratili tatu na nusu. Nilimsajili kihalali, na Bi. Verlene Stottlemyer, msimamizi wa banda, akasoma ukurasa huo mara mbili, akavua miwani, akaivaa, akasema, "Haya, kanuni ni kanuni." Hapo namheshimu. Lakini ukurasa unaofuata unasema kila mnyama wa banda namba nne awe na chapa ya namba kwenye sikio la kushoto. Nikajaza fomu kwa ukweli: "Sikio la kushoto: hakuna. Sikio la kulia: vilevile." Fomu ikarudi. Bi. Verlene ananiambia, "Mwanangu, bila chapa ya sikio nitajuaje kwamba hujambadilisha?" Nimbadilishe na nani, Ndugu Mwenyekiti? Katika banda zima lenye wanyama mia moja na themanini, ni mmoja tu asiye na miguu. Mwishowe amebandika karatasi: "Sikio: litakaguliwa baadaye." Watu wanapita, wanasoma, wanachungulia, wananitazama mimi.

2. Kuhusu kizimba. Hapa naomba ukae chini. Tangi la Jenerali nimelijenga mwenyewe, na nasema bila kujisifu kwamba hakuna tangi kama lile kutoka hapa hadi mpaka wa Ohio. Ni la kioo, futi sita, mara mbili ya urefu wa kitanda cha mdogo wangu alipokuwa mchanga. Ukuta wa nyuma nimechora jangwa na milima myekundu na jua linazama. Kuna maporomoko ya maji yanayoendeshwa na pampu. Kuna taa tatu, mojawapo ya zambarau. Chini nimetandaza maganda ya nazi yaliyosagwa. Upande wa kulia, chini ya kioo, kuna mkeka wa umeme wenye kidhibiti, unaotoa nyuzi tisini za Farenhaiti. Upande wa kushoto ni baridi kidogo, ili achague. Pa kujificha nimempa fuvu la ng'ombe la plastiki, lililo wazi pande tatu, ili watu wasikose kumwona. Tangi hilo nililimaliza wiki ya kwanza ya mwezi wa nne, akahamia siku ile ile kutoka kwenye kijitangi chake cha zamani ambacho hata mimi nilikionea haya.

Basi, kwa jumba hilo, Bi. Verlene akaniletea kizimba cha waya. Eti wote wakae sawasawa, asiwepo wa kujiona bora. Waya ule chatu anaupita kama waumini wanavyotoka kanisani siku ya mechi. Tulibishana tangu kifungua kinywa hadi adhuhuri, tukapatana hivi: tangi limewekwa juu ya kizimba, na namba imefungwa kwenye kizimba. Kwa hiyo katika vitabu vyenu, Jenerali anaishi kwenye kizimba kitupu. Jaji mmoja tayari amekisifu kwa usafi.

3. Kuhusu feni. Najua ni Julai. Najua sungura ana manyoya na joto linaweza kumuua. Sina chuki na sungura. Lakini kanuni inasema feni zote ziwashwe kuanzia saa tatu asubuhi, na feni ya safu yetu ni ile kubwa iliyotoka kwenye ghala la mahindi, inayoweza kumvua mtu kofia. Upepo unapiga kifuniko cha wavu cha tangi, unaondoka na joto langu lote na unyevu wangu wote. Chatu anataka hewa yenye unyevu, la sivyo ngozi yake hubanduka vipande vipande kama bango la uchaguzi uliopita. Nikaweka taulo juu. Feni ikalipeleka taulo kwenye kizimba cha sungura wa akina Dreisbach, naye akalila robo.

4. Kuhusu chupa ya barafu. Hili ni zito. Unajua desturi ya banda letu: mchana joto likizidi, wasichana hupita na toroli la chupa za maji yaliyogandishwa, kila mnyama anawekewa moja aiegemee. Ni desturi nzuri, hata machozi hunilenga nikiona sungura mzee amekumbatia chupa yake. Sasa juzi Jumatano nimekwenda kunywa maji ya limau, nikarudi nikakuta chupa ya barafu ya nusu galoni iko ndani ya tangi, upande wa moto, katikati ya mkeka. Aliyeiweka ni binti yako Marnie. Sina ugomvi naye kabisa, na nakuomba usimwambie kwamba nimemtaja. Nilimuuliza kwa upole, "Marnie, umefanya nini?"

Akasema, "Maskini alikuwa amejikunja! Nikajua anaumwa na joto."

"Huyo hujikunja siku zote, Marnie. Ndiyo kazi yake."

"Basi na wewe ungekuwa unamwekea chupa siku zote," akanijibu, akasukuma toroli lake akaenda zake, na mkia wa nywele ukiruka.

Kumbe kidhibiti cha mkeka kilipoona baridi kikaongeza moto, na chupa ikazidi kutoa baridi. Vikapigana saa mbili nzima kama mume na mke wanaogombea dirisha la chumba. Kioo kikajaa mvuke. Wageni wakadhani ndani kuna onyesho la mazingaombwe, wakapiga makofi. Jenerali alikuwa nyuma ya maporomoko, kawa mpira mdogo kuliko yote niliyowahi kuiona.

5. Kuhusu nyasi kavu. Kila mnyama apewe nyasi kavu asubuhi na jioni, na kila mnyama awe na karatasi ya chakula. Bi. Verlene ananyoosha nyasi zake kwa vidole, anaziweka mbele ya fuvu, anaandika. Karatasi ya Jenerali hadi leo: "Jumatatu, hakugusa. Jumanne, hakugusa. Jumatano, hakugusa, ana huzuni. Alhamisi, hakugusa, nimeongea naye." Kwa karatasi hiyo tumekatwa alama kumi na mbili.

6. Kuhusu marehemu. Jana niliamua kuchukua hatua za kiume. Nikaleta panya kutoka nyumbani, wa barafu, nikamyeyusha kwenye maji ya moto ya kibanda cha kahawa (mwenye kibanda hajui, naomba libaki kati yetu). Nikaingia naye bandani nimemshika mkia, nimejaa matumaini. Bi. Verlene akaniona. Ukurasa wa ishirini na sita: "Mnyama yeyote aliyekufa aripotiwe na aondolewe bandani mara moja." Nikamwambia huyu ni chakula. Akasema, "Najua, mwanangu, najua," kwa ile sauti ya msibani, akatoa fomu. Ameijaza yote. "Jina: hajapewa. Sababu ya kifo: haijulikani. Mfiwa: C. Krebs." Panya akazikwa nyuma ya banda, pale wanapozikwa sungura, na mzee Dreisbach akavua kofia. Bi. Verlene akanishika bega. "Wa kwanza ndiye huuma zaidi," akasema. Nilijikuta nimeitikia asante.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, Jenerali anakatwa alama kwa kutokula, na chakula chake kinafanyiwa mazishi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Huyu hana hata mguu, na bado mmempatia kamba.

7. Kuhusu ukaguzi wa kesho. Nimepewa ratiba. Kesho Jumamosi asubuhi nitasimama mbele ya jaji, nimlaze mnyama chali, nionyeshe meno, nionyeshe kucha za mbele na za nyuma, kisha ninyooshe mkia kuthibitisha haujavunjika. Meno yapo, na atakayetaka kuyahesabu aje na kidole chake mwenyewe. Mkia ninaujua unapoanzia, ingawa katika kaunti hii ni mimi tu. Kucha tutazungumza. Lakini yote hayo anatakiwa ayafanye akiwa amenyooka, na tangu Jumatano hajanyooka. Nitampeleka kwa jaji akiwa mpira, na jaji ataandika "mpira." Nami utepe wa bluu nilishamwahidi Mama, na hata kabla ya kumwahidi Mama nilishamtangazia Marnie.

Hayo ndiyo malalamiko. Mimi si mtu wa kulaumu bila kutoa njia, kwa hiyo naleta maombi, nikianza na dogo.

Naomba feni ya safu yetu izimwe. Sungura wakisikia joto, wahamishiwe banda la nguruwe, ambako nimeona kuna kivuli na mazungumzo. Baada ya sungura kuhama banda litakuwa tupu, basi naomba lipashwe joto lote: upande wa mashariki nyuzi tisini, upande wa magharibi sabini na nane, ili Jenerali na wageni wake wachague. Kuhusu unyevu, gari la zimamoto lipo pale getini wiki nzima, na vijana wake wanacheza karata tu. Linyunyize paa kila baada ya saa moja. Chatu pia hapendi mitetemo, kwa hiyo mashindano ya matrekta yahamishiwe kaunti jirani, kwa yule bwana wa chatu arobaini, tuone kama bado ataijua kazi yake. Na kwa kuwa Jenerali ni mnyama wa giza, naomba maonyesho ya mwakani yafunguliwe jua likishazama na kufungwa kukipambazuka. Maziwa yatakamuliwa gizani. Ng'ombe watazoea.

Mwisho, kitabu cha kanuni kiandikwe upya, chatu awe ndiye kipimo. Kila sungura atakayesajiliwa aje na barua ya daktari inayothibitisha kwamba yeye si chakula.

Naamini haya yanawezekana kabla ya Jumapili. Yakifanyika, Jenerali atakula, Mama atafuta alama zake kwenye kalenda, na yule bwana atabaki na arobaini wake. Yasipofanyika, Jumapili jioni nitamfungia mnyama wangu mkanda kwenye kiti cha pikapu ya watu wengine. Nitasimama barabarani kama mtu aliyeshuka kituo kisicho chake. Sitalia, lakini vumbi la barabara ile huwa jingi.

Nawasalimu wajumbe wote wa Bodi, na mke wako, na yule nguruwe kama bado yupo. Msalimie mwenye kibanda cha kahawa bila kumwambia sababu. Msalimie mzee Dreisbach, mwambie taulo nimesamehe. Bi. Verlene namsalimu mwenyewe, amekaa hatua tatu kutoka hapa, ananipa kalamu nyingine hii ikikauka. Marnie pia, ukipenda, kwa kifupi tu, kana kwamba limetokea kwa bahati.

Ni mimi, mfugaji mwenzako, ambaye sijaacha kuwaheshimu japokuwa nimekaribia,

Colby Krebs
(kwa niaba ya Jenerali, asiyeweza kutia sahihi)

Tanbihi, saa nane mchana. Ndugu Mwenyekiti, nilikuwa nalamba bahasha pampu ya maporomoko ilipopasuka. Maji yakamwagikia daftari la usajili, kuanzia herufi A hadi M. Bi. Verlene hakupiga kelele. Alisema tu, "Toa nyoka, kausha jumba." Akamwaga vitana vyake na mikasi ya kucha kutoka kwenye sanduku la plastiki, dogo, ukubwa wa mikate miwili, halionyeshi ndani. Akalitoboa kwa sindano ya kufumia, akajaza magazeti yaliyokunjwakunjwa. Nikamwingiza Jenerali, akaenea barabara, ubavu huku unagusa na ubavu huku unagusa. Sikuwa na pa kumweka, nikampeleka kwa Mama, aliyeegesha gari kivulini kule maegeshoni, milango wazi. Mama alikuwa amebeba panya mwingine, kwa sababu, alivyosema, "mtu huwezi kujua." Tukamdondosha ndani, tukafunga kifuniko, Mama akalipakata sanduku mapajani. Tulisikia kishindo kimoja. Tukangoja. Mama akainua kifuniko upana wa kidole, akachungulia, akakirudisha taratibu kama anafunika mtoto.

"Colby," akanong'ona. "Amekula."

Halafu akanishika kichwa akanibusu mbele ya watu wote wa maegesho, na Marnie akiwemo, na toroli lake.

Kwa hiyo tafadhali futa namba moja hadi saba. Futa na maombi, hasa lile la gari la zimamoto, maana vijana wale nimeshawaambia na wameanza kuvuta mpira wa maji. Feni iendelee, sungura wabaki walipo. Tangi tumeling'oa, mzee Dreisbach kanisaidia kulibeba. Alitazama taa na jangwa na fuvu akaniuliza kama chatu ndiye aliyetaka vyote hivi. Nikamwambia nitafikiria nimjibu.

Imebaki hoja moja ndogo. Chatu akishakula haguswi siku mbili, la sivyo anaweza kutapika vyote, na mimi hiyo hatari siichukui, utepe au hakuna utepe. Basi naomba kesho niruhusiwe kumwonyesha akiwa ndani ya sanduku, kifuniko kimefungwa. Jaji hatamwona. Wageni hawatamwona. Ila nitasimama pembeni, na yeyote atakayeuliza nitamwambia yumo, na ameshiba.